Stadi za kazi sekondari: zinasomwa, hazishiki

Mwenye kiwanda cha mbao Mafinga akilalamika kwamba vijana wa kidato cha nne "hawana stadi", anamsema kijana anayechelewa kila Jumatatu, anayesikia mashine ikitoa mlio mgeni akanyamaza, anayezima simu siku akiumwa. Mzazi wa Tukuyu akitumia maneno hayo hayo, kinachomuuma ni kwamba mwanawe amekaa darasani miaka minne na hajui hata kubebesha, yaani kuunganisha, mche wa parachichi. Afisa kwenye semina akiyatamka, yeye anawaza kujitambua, kuhimili mihemko na kukataa shinikizo la rika. Wakae kikao kimoja watakubaliana kwa saa mbili, watapiga picha ya pamoja, kisha kila mtu ataondoka na lake.

Ndiyo maana mjadala huu hauishi. Chini ya jina moja tumefunga mizigo isiyofanana. Upo ufundi wenyewe, yaani kazi ya mikono inayomwingizia mtu riziki. Upo mwenendo wa kazini: kufika kwa wakati, kupokea maelekezo, kusema "hapa sijaelewa" kabla ya kuharibu. Zipo stadi za maisha, zinazohusu mtu na nafsi yake na watu wake. Na upo mzigo wa nne ambao karibu kila mtu anausahau: kujua mambo ya kazi yalivyo, kama vile mkataba unasemaje, makato ni yapi, mkopo unarudi na shilingi ngapi. Kila mmoja una mwalimu wake anayeufaa na namna yake ya kupimwa. Shule ikiuchukua wote kama mada moja ya kuandikwa ubaoni, hakuna hata mmoja utakaofika nyumbani.

Tuanze na stadi za maisha, kwa sababu ndizo zilizovurugika zaidi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitaja stadi kumi za msingi: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kina, kuwasiliana, kuhusiana na watu, kujitambua, kuvaa viatu vya mwenzako, kuhimili hisia na kuhimili msongo. Huku kwetu orodha hiyo iliingia shuleni kwa kiasi kikubwa ikiwa imeshikana mkono na elimu ya UKIMWI. Na Nyanda za Juu Kusini haikuwa jambo la kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 nchi nzima, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa takwimu hizo, hakuna mwenye akili atakayesema somo lile halikuwa na kazi. Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi walibaki wakiamini stadi za maisha ni jina lingine la "jihadhari na ngono". Kuhimili msongo kukawa kwa ajili ya kukataa mwanamume, si kwa ajili ya kumkabili bosi anayefoka au dalali anayeharakisha.

Upande wa ufundi nao una mkanganyiko wake mpya. Kuanzia Januari 2024 sekondari zimekuwa zikiingia, kwa awamu, kwenye mtaala uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Sekondari ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Wa amali anajifunza kazi mahususi pamoja na masomo machache ya jumla, na upande wake wa ufundi unafuata viwango vya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia mafunzo ya ufundi. Wa jumla anaendelea na masomo tuliyoyazoea, ila ameongezewa somo la Elimu ya Biashara. Ni hatua nzuri, naiunga mkono bila kigugumizi. Lakini tayari nasikia watu wakisema "stadi sasa zimeshapatiwa mkondo wake", kana kwamba mtoto wa mkondo wa jumla hatakodi chumba, hatasaini mkataba, hatakopa. Tena wanafunzi walio wengi wako huko kwenye jumla, kwa sababu karakana ni ghali na shule zenye karakana hazijai kiganja katika wilaya nyingi.

Wazee wa Ifunda na Iyunga watacheka wakisikia amali ikiitwa jambo jipya. Ifunda, nje kidogo ya Iringa, ilianza kama shule ya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Iyunga ya Mbeya imezalisha mafundi tangu zamani. Miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Na kabla ya hapo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea (EK).

Kilichoipata EK

Hapa pana jambo la kukaa nalo, kwa sababu tukilirudia hata mtaala huu mpya utakwenda njia ile ile.

Andiko la 1967 halikusema tu kwamba watoto walime. Lilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, hesabu zitunzwe, na matokeo ya kazi yao wayaone katika maisha yao ya shule. Lima vizuri, mle vizuri. Lima vibaya, mjue kwa nini. Kilichobaki katika shule nyingi ni nusu ya kwanza ya sentensi. Kipindi cha EK kikawa kipindi cha jembe. Aliyepanga ni mwalimu, aliyepeleka mazao sokoni ni mwalimu, aliyejua yaliuzwa shilingi ngapi ni mwalimu. Mwanafunzi alichangia mgongo.

Kisha tukaongeza kosa juu ya kosa. Aliyechelewa namba, akafyeke. Aliyeongea Kiswahili kwenye eneo la Kiingereza, akachote maji. Aliyefeli jaribio, akapalilie migomba ya mwalimu wa zamu. Mtoto anayepewa jembe kama adhabu kwa miaka minne, kisha anahubiriwa siku ya mahafali kwamba kazi ni heshima, ana haki ya kushangaa. Mzazi naye, aliyelima maisha yake yote pale Uyole ili mwanawe asilime, akiona ratiba ya shamba anasema sikumleta huku kwa ajili hiyo. Na kwa namna shamba lilivyoendeshwa, alikuwa na hoja.

Lakini kazi yenyewe haijaondoka shuleni, imejaa kila kona. Chukua shule ya kutwa ya kawaida ambako wazazi wanachangia mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Pale pana stoo. Kuna mzigo unaoingia, unaotoka kwenda jikoni, na unaotakiwa kubaki. Wape wanafunzi wawili wa kidato cha tatu daftari la stoo kwa mwezi mmoja, kwa zamu, mwalimu akiwa juu yao. Kila asubuhi wapime debe zinazokwenda jikoni, waandike, wasaini. Kila Ijumaa wahesabu magunia, walinganishe na daftari. Siku hesabu zitakapokataa, na zitakataa, hapo ndipo kipindi kinapoanza. Nani alitoa bila kuandika? Panya? Debe lilijazwa kwa kilemba? Unamwambiaje mpishi, mtu mzima, mama wa watu, kwamba kuna mahindi hayaonekani, bila kumwita mwizi? Kijana aliyepita kwenye mazungumzo hayo mara moja amejifunza uwajibikaji zaidi ya aliyeandika maana yake kwenye daftari na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Najua kuna wakuu wa shule ambao hawatafurahia wanafunzi kushika daftari la stoo. Sababu nyingine tuziache.

Kipindi kimoja cha viazi

Nimesema stadi hazifundishwi kwa kuandika ubaoni. Basi zinafundishwaje? Tulichukue jambo moja tulitazame kwa karibu, kwa darasa la kidato cha tatu huko Makete au Njombe, ambako hakuna mtoto asiyejua kiazi.

Mwalimu anaingia na swali. Mnunuzi anatoa shilingi 70,000 kwa gunia, ila anataka lumbesa. Gunia la kilo 100 limeongezewa kilemba juu, likashonwa kwa kamba, sasa lina kilo 130. Je, bei ni nzuri? Wanafunzi wapige hesabu. Kwa kilo 100, kilo moja ni shilingi 700. Kwa kilo 130, imeshuka hadi shilingi 538 hivi. Kilo 30 za juu, kwa bei ile ya 700, ni shilingi 21,000 zilizokwenda bure kwa kila gunia. Mwenye magunia 40 ameacha 840,000 shambani. Ukifika hapo darasa huwa kimya kidogo, halafu wanaanza kutaja wenyewe: mabati, mbolea ya msimu ujao, sare za wadogo zao.

Hiyo ilikuwa hisabati. Sasa inakuja sheria: lumbesa imekatazwa nchini chini ya Sheria ya Vipimo, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kusimamia. Mwanafunzi mmoja lazima atauliza, kama imekatazwa mbona ipo? Mwalimu asilikimbie swali hilo. Mizani haipo shambani, barabara ya vumbi itaharibika mvua ikianza, viazi havikai, na muuzaji ni mmoja mmoja ilhali mnunuzi anajua bei ya Dar es Salaam ya jana jioni.

Kisha wawili wasimame mbele. Mmoja ni mama mkulima, mwingine dalali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, viazi vyako ni vizuri kwa kweli. Ila gari linaondoka jioni hii. Ukikataa lumbesa, jirani yako pale juu ameshakubali."

Mara nyingi anayeigiza mkulima atageuka kumtazama mwalimu, kwa sababu hana neno. Hapo pasiharakishwe. Waliokaa waulizwe: mama afanye nini? Mmoja atasema akatae, mwingine aite mwenyekiti wa kijiji, mwingine akubali tu kwani ana shida. Jaribuni tena. Safari hii mama anajibu, "Sawa baba, gari liende. Ila ukitaka kwa kilo, tuongee bei." Au anasema yeye na majirani zake wanne wamekubaliana kuuza pamoja na mizani wameshakodi. Dalali naye apewe nafasi ya kujitetea, maana darasani humo wamo watoto wa madalali, na kazi ya baba zao ina gharama zake: ushuru, mafuta, viazi vinavyooza Chalinze.

Baada ya maigizo mwalimu harudi ubaoni. Anauliza nani alitaja bei kwanza, nani alipandisha sauti, nani aliuliza swali badala ya kujibu, mama alijisikiaje alipoambiwa jirani ameshakubali. Kipindi cha dakika themanini kimekwisha, na ndani yake mmepita hesabu, sheria, mawasiliano, kuhimili shinikizo na maamuzi. Zimekuja pamoja kwa sababu hata sokoni huja pamoja. Badala ya viazi, Rungwe watumie parachichi, Mbozi kahawa, Mbarali mpunga, Mufindi chai au nguzo.

Utaona kwamba yote hayo yamefanyika kwa Kiswahili. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na sitaki kuufungua mjadala huo mzima hapa. Ila mtoto hawezi kujifunza kujieleza mbele ya mtu mzima kwa lugha ambayo anaogopa kuchekwa akiifungulia mdomo. Kama mkaguzi atauliza, mwalimu wa Elimu ya Biashara aandike muhtasari kwa Kiingereza mwishoni.

Mambo ambayo hakuna anayemwambia

Mzigo wa nne, ule wa kujua mambo ya kazi, ndio rahisi kuliko yote kufundisha na ndio unaoachwa zaidi. Mwalimu aliyetoka kidato cha sita, akasomea ualimu Mkwawa au Kleruu, kisha akaajiriwa na serikali, ajira anayoijua ni moja tu, na hati zake zilishughulikiwa na halmashauri. Si kosa lake. Lakini vitu vyenyewe vinaingia kwenye karatasi mbili.

Karatasi ya kwanza ni slipu ya mshahara. Tuseme kijana ameajiriwa kwenye kampuni ya chai kwa mshahara ghafi wa shilingi 400,000. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 40,000, na mwajiri anaweka 10 nyingine juu yake. Zinabaki 360,000 za kukokotolea kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazina kodi, na kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8. Ziada ni 90,000, kodi 7,200. Anakwenda nyumbani na 352,800. Mtoto aliyewahi kuikokotoa hii hataambiwa na mhasibu wa mtaani kwamba "serikali imekata laki moja". Na atajua kuuliza, mchango wangu umefika NSSF kweli, au unaishia ofisini?

Ya pili ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi sita. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana ulinzi huo. Siku 30 zinapita haraka kwa mtu ambaye hajui kama zinahesabiwa. Wengi hufika kwenye Tume mwezi wa tatu, baada ya kumaliza kuwasihi ndugu.

Kwa Iringa na Njombe kuna sura ya jambo hili isiyosemwa kwa sauti darasani: wasichana wanaokwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Kila mtu anajua. Anakuja shangazi wa mbali au mtu wa kanisani, anazungumza na wazazi, binti anapanda basi Januari baada ya matokeo kutoka. Shule inaweza kulaani au kunyamaza, na basi litaondoka vilevile. Ni afadhali binti apande akiwa anajua vitu kadhaa. Mfanyakazi wa ndani ni mwajiriwa kisheria. Mshahara wake si wa kutumwa moja kwa moja kwa shangazi bila yeye kukubali. Jina la mtaa na la mwenye nyumba liachwe nyumbani kabla ya safari, na nauli ya kurudi ifichwe mahali pake. Namba 116 hupigwa bure na mtoto aliye hatarini. Afanye mazoezi ya kuipiga simu hiyo kwa sauti, akisema yuko wapi na nini kinatokea, kwa sababu mtu mwenye hofu husahau hata jina la mtaa. Hapa kuhimili hisia kunaacha kuwa mada ya kitabu.

Mikopo haihitaji maelezo marefu. Kausha damu inayotoa laki moja na kudai laki na thelathini baada ya mwezi ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na ukiikokota mwaka mzima bila kupunguza deni umelipa riba ya 360,000 kwa laki moja. Wapige hesabu wenyewe. Wakimaliza, waelezwe asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo inataka kikundi, katiba na andiko la mradi, na kuandika katiba ya kikundi ni kazi ya wiki mbili za kawaida kwa kidato cha nne.

Kupima

Yote haya yanagonga mwamba kwenye mtihani. Mtaala uliopita wa 2005 nao ulijiita wa kujenga umahiri, na somo la Uraia kidato cha kwanza lilikuwa na mada ya stadi za maisha na nyingine ya kazi. Karatasi ikauliza taja, eleza, orodhesha. Mwalimu anafundisha kinachoulizwa, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, kwa kuwa wastani wa shule unabandikwa ukutani.

Stadi hupimwa na mtu anayekuangalia ukifanya. Hilo ni gumu kwenye darasa la watoto themanini, lakini si lazima wote wapimwe siku moja. Mwalimu awe na orodha ya mambo machache anayoyatazama, labda matano, na kila juma awatazame kumi: amefika zamu kwa wakati, ameandika daftari la stoo likasomeka, ameuliza alipokwama, amemsikiliza mwenzake hadi mwisho. Kabla ya muhula kuisha amewazunguka wote. Alama hizo ziingie kwenye alama za maendeleo ambazo shule inaziandaa hata hivyo. Na mwanafunzi aonyeshwe alama zake akiwa bado na muda wa kujirekebisha.

Kuhusu kuwapeleka nje, kwa mafundi wa Mwanjelwa au gereji za barabara ya Tunduma, naunga mkono kwa masharti. Sheria inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na msumeno wa duara wa kupasulia mbao Mafinga haujali kwamba huyu ni mwanafunzi. Kabla ya siku ya kwanza pawe na barua ya ukurasa mmoja: mwanafunzi atafanya nini, mashine zipi hatazigusa, anaingia na kutoka saa ngapi, nani anamsimamia, akiumia nani anampeleka hospitali na nani analipa. Isainiwe na mkuu wa shule, fundi na mzazi, na mwanafunzi abaki na nakala yake.